Bunduki ya maigizo kwa bei ya pikipiki

Dola 1,400. Ndiyo bei niliyotajiwa na muuzaji mmoja wa Ulaya kwa bunduki isiyoweza kuua hata panya, tena kabla ya kuhesabu gharama ya kuifikisha Lubumbashi. Nilisoma ujumbe wake mara mbili nikidhani kazidisha sifuri. Kwa pesa hiyo hapa kwetu unanunua pikipiki.

Mimi ndiye mtu wa vifaa katika kikundi chetu cha maigizo huku Katuba. Tulikuwa tunatayarisha mchezo juu ya askari wa Force Publique, jeshi la Kongo chini ya Wabelgiji, walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na mkubwa wetu wa jukwaa alizikataa AK za mbao tulizozoea kubeba kila mchezo. Nilinuna, lakini alikuwa na haki. Vita ile ya kwanza ya dunia ilipoanza, askari wengi wa Kongo walikuwa bado na Albini, bunduki ya Ubelgiji ya 1867, ya milimita 11, inayotiwa risasi moja moja. Chemba yake, pale risasi inapokaa, ina kifuniko unachokiinua kwa kidole gumba, kikalala kuelekea mbele kama kifuniko cha sanduku. Mwigizaji akikifunua na kukifunga mbele ya watu, mchezo mzima unapata uzito.

Basi nikaanza kutafuta nakala ya Albini. Kwa majuma mawili niliwatukana wauzaji moyoni, nikiwaona wezi wote. Aliyenifungua macho ni seremala wa Kamalondo, wala hakuwa anazungumzia Ulaya. Nilimwomba anichongee moja ya majaribio, akataja dola 110. Nikaruka. Akanitazama juu ya miwani:

“Baba, moja ni kazi ya kumi. Ulete ya sita, utaona bei inashuka.”

Ukweli wote uko hapo. Unapoagiza kitu kinachotengenezwa kichache, chuma na mbao ni sehemu ndogo ya bei. Unalipia kazi iliyofanyika kabla ya chuma kuguswa: kutafuta bunduki ya asili na kuifungua, kupima kila pini, kuchora upya, kutengeneza kalibu na vishikizo vya mashine, kuharibu vipande vya kwanza. Gharama hiyo ni ileile, ukitoa bunduki 100 au 100,000. Kiwanda cha FN cha Herstal kilianzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kuitengenezea serikali ya Ubelgiji bunduki za Mauser 150,000. Gawa bei ya mashine kwa idadi hiyo, kisha igawe kwa wapenzi wa historia mia moja waliotawanyika duniani. Serikali haipo tena kulipa, unalipa wewe.

Ndiyo maana nakala za bunduki za zamani hazina bei moja. Uberti, Waitaliano wa Gardone Val Trompia, walianza mwaka 1959 kutengeneza upya bastola za Colt, Wamarekani walipokuwa wanajiandaa kukumbuka miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Wanunuzi hawajaisha mpaka leo, na mashine zilishajilipa zamani. Lakini chukua FG 42, bunduki ya askari wa miavuli wa Ujerumani katika Vita ya Pili ya Dunia. Hata wakati wa vita zilitengenezwa kama 7,000 tu, na nakala yake inayotoka Texas, ile inayopiga kweli, huuzwa maelfu ya dola. Ukitaka kitu ambacho watu hamsini tu duniani wanakitaka, hao hamsini ndio mtagawana deni.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si “utanipunguzia?” Muulize anatengeneza ngapi, na kama kalibu anayo tayari au anangojea pesa zako ndipo aitengeneze. Sisi hatukuuliza. Tulipata mwingine wa bei nafuu kidogo, tukatuma arbuni ya dola 300, kumbe anakusanya kwanza oda hamsini ndipo awashe mashine. Oda zilikwama kwenye thelathini na kitu. Mwaka ukapita. Alirudisha dola 240, zilizobaki akaziita gharama za ofisi. Sitamtaja, na kusema kweli masharti yalikuwa yameandikwa, kwa herufi za siafu.

Kama wewe ni wa maigizo, shule au chumba cha kumbukumbu, fanya tulivyofanya baadaye. Tulichukua picha nzuri, tukapima kwa uwiano (Albini ni ndefu, zaidi ya mita 1.3), seremala akachonga vitako sita kwa mbao ya mulombwa. Mtutu ni bomba la maji la nusu inchi, lililozibwa mbele kwa chuma. Kifuniko cha chemba kilimiminwa kwa aluminiamu na fundi wa masufuria: unampa mfano wa mbao, anaukandamiza kwenye mchanga, anamwaga. Zote sita zilitoka dola 45 kila moja. Kwa safu ya tatu ya viti, hakuna anayejua.

Nakala inayopiga risasi usiiguse kabisa. Mbele ya sheria hiyo ni bunduki, haina cha mfano wala maigizo. Na hata ya mbao usiibebe ovyo. Siku moja nilipanda basi na moja niliyoifunga kwa kitenge. Kitenge kikateleza, mtutu ukachungulia, na mama aliyekaa karibu nami akashuka kituo kisicho chake bila kudai chenji. Nilitoka jasho mpaka mwisho wa safari nikifikiria polisi wa mzunguko wa barabara. Sasa zinasafiri ndani ya sanduku lililofungwa, na barua ya komini, yaani serikali ya mtaa, yenye muhuri iko mfukoni.

Mwezi uliopita kifuniko kimoja kilikatika mazoezini. Nikarudi kwa yule fundi wa masufuria. Mfano wa mbao ulikuwa bado umetundikwa ukutani kwa waya. Alinitoza franka 5,000, na nilikisubiri nimekaa juu ya ndoo.