Hisa sio Akaunti

Mmeuliza humu kama OOP, ule mtindo wa kuandika programu kwa obijekti, yaani vifurushi vya data pamoja na kazi zake, imepitwa na wakati. Mi naona tuulizane kwanza OOP ipi, maana watu wanagombana kila mtu na yake kichwani. Dahl na Nygaard kule Norway walipoleta klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea obijekti, kwenye lugha ya programu ya Simula 67 walitaka kuigiza mambo ya kweli ndani ya kompyuta, Alan Kay wa lugha ya Smalltalk yeye anasema kubwa ni obijekti kutumiana meseji, hata hilo jina obijekti alikuja kulijutia. Sisi chuo tulipewa lugha ya Java na kurithi, yaani klasi moja kuchukua vilivyomo kwenye nyingine, mbwa anarithi Mnyama, paka anarithi Mnyama, mtihani, basi.

Na akili zangu hizo za mbwa na paka nikapata kazi ya mfumo wa saccos moja. Nikaandika klasi Akaunti, ina weka() na toa(), yaani kazi za kuweka na kutoa pesa, Amana ikarithi, Hisa nayo ikarithi, si zote zina salio jamani? Nilijiona fundi kweli. Sasa wana saccos mnajua, hisa haichomolewi kama amana, ukitaka kutoka unamhamishia mwanachama mwenzako. Mi sikujua, na hakuna aliyenambia kwa sababu kwao hilo halihitaji kusemwa. Ijumaa jioni niko kwenye daladala mhazini, mama mmoja mpole sana, ananipigia, "mwanangu, huyu bwana katoa hisa laki sita na mfumo umekubali?" Nikamwambia haiwezekani mama. Kufika nyumbani nafungua naona kitufe cha kutoa hicho hapo, hakuna aliyekiweka, Hisa imekirithi tu kama mtu anayerithi nyumba ya baba na madeni yamo humohumo. Yule bwana kashachukua keshi yake kaenda harusini Morogoro, alikuja kurudisha kwa mafungu na mama wa watu ndo aliyekuwa anamfuatilia. Usiku ule nikaandika toa() nyingine ndani ya Hisa, kazi yake kukataa tu. Yaani klasi ina kitu cha kusema sina hicho kitu!

Kwa hiyo nilikuja hapa kusema OOP itupwe, mbona lugha ya Go tangu 2009 haina kurithi na watu wanaishi. Ila naandika huku nakumbuka salio lilikuwa limefichwa ndani ya klasi, hakuna sehemu nyingine ya programu iliyoweza kuligusa, ndo maana nilirekebisha sehemu moja nikalala. Hiyo nayo si OOP? Basi isife, ife kurithi, japo hata hapo sina uhakika, labda ningemuuliza tu mhazini mapema. Hisa bado inarithi Akaunti mpaka leo, naogopa kuigusa.