Prado ya 1998 inagonga mbele: je, boljointi ya chini inachomelewa?

SWALI: Fundi, salamu. Nina Prado ya dizeli ya 1998. Nikipita matuta huku Ruai, mbele upande wa kushoto panagonga, na nikikata kona polepole kunatoka mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Fundi wa mtaani anasema boljointi ya chini, ile jointi ya mpira wa chuma inayozunguka ndani ya kikombe, imeisha. Ataifungua, atie nailoni, kisha aichomelee. Mwingine anasema lazima ninunue amu nzima, yaani mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na gari. Rafiki yangu ana Land Cruiser ya zamani kuliko yangu na hajawahi kununua boljointi. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, na gari liegeshe hadi likaguliwe vizuri.

Prado za mfululizo wa 90, zilizotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, zina jambo lao. Springi ya mbele imekalia amu ya chini na kuisukuma chini, huku tairi likiisukuma juu nako, kile chuma kinachobeba gurudumu. Boljointi imefungwa kwenye nako, mkia wake wenye nyuzi umeshuka ndani ya amu. Maana yake, gari likiwa limesimama tu, uzito wake unavuta ule mpira wa chuma utoke kwenye kikombe chake. Kwenye magari mengi mzigo huikandamiza boljointi, kwa hiyo ikiisha inaweza kugonga muda mrefu kabla haijakuangusha. Hii yako ikiisha huchomoka. Tairi linajikunja chini ya madigadi, paipu ya breki na sivi jointi (zile zinazopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu) zinavutwa, na hapo usukani hauna kazi tena. Mwaka 2005 Toyota iliyaita magari ya ukoo huu yarudishwe kurekebishwa huko Marekani, yakiwemo Tacoma na 4Runner, kwa sababu ya boljointi ya chini.

Sasa fikiria mtu achomelee kitu kinachovutwa hivyo. Moto wa weldingi unaharibu ugumu wa chuma, na nailoni inaziba mchezo, yaani ule ulegevu, bila kuongeza nguvu yoyote. Kelele itanyamaza, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu kelele ndiyo ilikuwa inakuonya.

Huyu wa amu naye anakuongezea gharama. Boljointi ya chini imeshikwa na bolti nne kwenye nako. Inatoka peke yake. Amu hubadilishwa kama bushi zimekufa, imepinda, au tundu la mkia limepanuka. Ya rafiki yako, ikiwa ni ya mfululizo wa 70 au 80, mbele ina ekseli nzima na nako zake huzunguka juu ya beringi. Hana boljointi ya aina hii, lakini muulize kuhusu sili na grisi inayovuja, utasikia mengi.

Kabla ya kununua, hakikisha. Weka jeki chini ya amu ya chini mpaka tairi liachane kidogo na ardhi. Ingiza mtaimbo chini ya tairi, inua, huku mwenzako akimulika boljointi kwa tochi. Mkia ukipanda na kushuka, imekwisha. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, shaka iko kwenye beringi ya gurudumu. Ukibaki, rudi kwenye boljointi. Mpira wa kuzuia vumbi ukiwa umepasuka, usingoje mchezo uanze.

Nunua mbili, kushoto na kulia. Hazibadilishani, kwa kuwa mkono wa kushikia tairodi, ile fimbo ya usukani, umeungana na boljointi yenyewe. Pale Kirinyaga Road, Nairobi, utaonyeshwa nyingi za chapa ya 555. Za Mjapani mwenyewe zipo, na za wanaomwiga zipo pia, kwa hiyo nenda kwa muuzaji atakayekuandikia risiti yenye namba ya kipuri. Ya eksi-Japani, yaani iliyokwisha kutumika huko Japani, siigusi kwa kazi hii. Nunua pia bolti mpya na kotapini mpya, ile pini inayozuia nati isilegee.

Wakati wa kufunga, gari likae juu ya stendi, si mawe. Tairodi itolewe kwa pula, kifaa cha kuichomoa taratibu. Ile uma ya kupigia nyundo itapasua mpira wake. Mkia ukigoma kutoka kwenye amu, piga ubavu wa tundu, usipige nyuzi. Nako itegemezwe isining'inie kwenye paipu ya breki. Nati yenye meno ikishakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kufuata kipimo cha kitabu cha gari, na tundu la kotapini halijalingana, kaza zaidi kidogo. Usilegeze hata robo.

Boljointi ya juu ikaguliwe siku hiyohiyo. Hiyo imeshindiliwa ndani ya nako na inahitaji presi, kwa hiyo ikiwa imechoka ni nafuu zote zifanywe pamoja. Ukitoka gereji pitia alainmenti moja kwa moja, na baada ya wiki moja fundi azikague tena zile bolti nne kwa toki.