Jibu: ESP32 inajizima kila Wi-Fi ikianza

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) ya kufungulia maji shamba la zabibu Hombolo, Dodoma, betri ya sola ya volti 12 imeingia moja kwa moja kwenye AMS1117-3.3, yaani regulata ya kushusha umeme hadi volti 3.3, na kila Wi-Fi ikiwaka bodi inaanza upya.

Kagua joto kwanza. Regulata hiyo huchoma volti zote za ziada. 12 kutoa 3.3 ni 8.7, zidisha kwa ampea 0.25, unapata wati 2.2 hivi kwenye kidude kidogo kama ukucha. Kikichemka kinajikata chenyewe, na ndani ya boksi lililofungwa juani ndiyo kabisa. Tena betri ikichajiwa hufika volti 14.4, na ukomo wa AMS1117 ni 15. Hapo huna nafasi.

Weka LM2596 katikati (moduli ya kushusha volti isiyochoma ziada yote kuwa joto), ishushe hadi volti 5, ndipo AMS1117 ifuate. Zungusha skrubu yake na upime kwa mita kabla ya kuunganisha bodi, la sivyo utaiunguza. Kwenye pini za bodi za 3V3 (volti 3.3) na GND (hasi), pale pale, weka kapasita ya mikrofaradi 470 na ya nanofaradi 100, miguu mifupi. Wi-Fi huvuta ghafla karibu nusu ampea, volti zikashuka kwa kitambo kidogo, na mita ya kawaida haiwahi kuona mshuko huo, ikisoma 3.3 isikudanganye.

Ikijizima pampu inapowaka au kuzima tu, weka dayodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) kwenye koili ya relei, ile swichi ya umeme inayowasha pampu, mstari wake upande wa chanya. Waya hasi wa pampu urudi betrini peke yake. Hujataja pampu inavuta ampea ngapi, tuandikie.