Tangi la Maji Taka Linapobaki na Mpangaji, Mwenye Nyumba Akiwa Kikosini

Mwanajeshi mwenye nyumba, ambaye huipangisha kila anapopewa uhamisho, anapaswa kulifahamu tangi lake la maji taka kuliko jirani yake anayelala nyumbani kwake kila siku. Mfumo huu huharibika kimyakimya, na dalili zake za mwanzo huonwa na mtu aliye pale, ambaye mara nyingi ni mpangaji asiyejua hata tangi limefukiwa wapi. Nimepangisha nyumba yangu kwa familia tofauti nikiwa katika vituo vya mbali, na ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafuata.

Maji yote ya chooni, bafuni na jikoni yanapoingia tangini hutulia. Uchafu mzito huzama na kuwa tope, mafuta huelea na kufanya utando, na maji ya katikati hutoka kwa bomba la upande wa pili hadi kwenye eneo la kufyonzea, ambako udongo huyachuja. Bakteria waishio bila hewa humeng'enya sehemu tu ya tope, kwa hiyo hatimaye lazima lijae. Likikaribia bomba la kutokea, huondoka pamoja na maji na kuziba udongo wa eneo la kufyonzea, na hasara kubwa iko hapo: kunyonya tangi ni gharama ya kawaida, lakini kuchimba eneo jipya la kufyonzea kunaweza kumeza kodi ya miaka.

Kwa nyumba ya kawaida, tangi hunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, na hukaguliwa angalau mara moja katika miaka 3; mfumo wenye pampu ya umeme ukaguliwe kila mwaka. Hata hivyo idadi ya wakazi ndiyo inayoamua zaidi, kwa kuwa tangi lililotosha watu wawili kwa miaka mingi litajaa mapema wakihamia watu sita. Mwombe fundi apime: tope likifika sentimita 30 chini ya bomba la kutokea, au utando ukiwa umebakiza sentimita 15 kulifikia bomba hilo, wakati wa kunyonya umefika. Sisitiza pia kwamba gari linyonye kupitia mfuniko mkuu. Niliwahi kukuta kazi iliyofanywa kupitia bomba dogo la ukaguzi, ambapo maji yaliondolewa na tope likaachwa chini, nami nilikuwa nimelipia kazi kamili.

Kuhusu malipo, sikubaliani na wenye nyumba wanaomtwika mpangaji jukumu la kunyonya tangi. Mpangaji wa mwaka mmoja hana sababu ya kugharimia tope lililoachwa na waliomtangulia, naye ataahirisha hadi aondoke. Mwenye nyumba alipie unyonyaji wa kawaida, na mkataba useme wazi kwamba mpangaji atawajibika pale itakapothibitika kuwa ameziba mfumo kwa vitu visivyostahili, yaani nepi, pedi, mafuta ya kupikia, rangi, dawa, na vitambaa laini vya kujifutia, hata vile ambavyo pakiti yake inadai vinaweza kutupwa chooni. Mkataba utaje pia idadi ya wakazi, na ukataze kuegesha gari au kupanda miti juu ya tangi na eneo la kufyonzea.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawaambiwi ni kwamba maji mengi kwa mara moja huharibu mfumo hata yakiwa hayana uchafu mwingi, kwa kuwa hulisukuma tope nje kabla halijatulia. Ufuaji wa wiki nzima usifanywe siku moja. Choo kinachovuja kinaweza kupoteza zaidi ya lita 700 kwa siku, na zote huishia kwenye udongo ambao tayari umelowa, kwa hiyo nataka nijulishwe siku hiyo hiyo. Dawa za kuongeza bakteria sinunui. Maji taka yenyewe huja na bakteria wa kutosha.

Kabla ya kuondoka, chora ramani inayoonyesha umbali wa mifuniko kutoka pembe mbili za nyumba, uiweke pamoja na picha na stakabadhi za kila unyonyaji, kisha nakala apewe mpangaji na nyingine msimamizi wa nyumba. Kagua mifuniko kwa mkono wako, hasa familia inayohamia ikiwa na watoto, na mwonye kila mtu asiingie tangini kwa sababu yoyote, maana gesi iliyomo huua kwa dakika chache.

Mpangaji ajue dalili za kuripoti mara moja: maji yanayoshuka polepole katika masinki yote, milio ya kubwabwaja mabombani, harufu uani, na nyasi zilizostawi kupita kiasi au ardhi yenye unyevu juu ya eneo la kufyonzea. Na kwa kuwa mwanajeshi aliye kwenye operesheni huenda asipatikane kwa simu kwa majuma kadhaa, msimamizi awe na idhini ya maandishi ya kuita gari la kunyonya na fundi bila kusubiri jibu lako, idhini hiyo ikitaja kiwango cha juu cha fedha anachoweza kutumia na akaunti ambako fedha hizo zitatoka.