Mizunguko yote hii ya biokemia, afisa lishe anaipeleka wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa pili, shahada ya lishe ya binadamu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro. Nilisoma mchepuo wa CBN (kemia, biolojia na lishe) nikajua nakuja kujifunza vyakula na ushauri. Sasa umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, unanimaliza: glikolisisi (kuvunjwa kwa glukosi), mzunguko wa Krebs (hatua zinazofuata za kutoa nguvu), vimeng'enya visivyokwisha. Testi ya kwanza nimepata 11 kati ya 40. Haya yanatumika kazini, au nikariri tu nisisapu (nisirudie mtihani)?

Jibu: Marahaba. Ukikariri, mtihani utavuka, ila wodini utakwama.

Analetwa mtoto wa miaka miwili, miguu imevimba. Ukibonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, shimo linabaki. Bibi yake kaja na chupa ya uji mzito wa maziwa na sukari, anataka ampe wote. Nani atamlaumu? Mjukuu ana njaa. Ila mwili huo umekuwa ukijila wenyewe kwa wiki kadhaa, mafuta kwanza, kisha misuli. Insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, iko chini, na akiba ya madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu imepungua sana. Ukimmiminia wanga kwa mkupuo, insulini inapanda, seli zinavuta glukosi, na glikolisisi haiendi bila fosfeti. Basi fosfeti inahama kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, potasiamu nayo nyuma yake, na mapigo ya moyo yanavurugika. Mtoto anaweza kufa tumbo likiwa limejaa.

Ndiyo maana tunaanza na F-75, maziwa ya tiba yenye kilokalori 75 tu katika mililita 100, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, mchana na usiku. F-100, maziwa ya tiba yenye nguvu zaidi, inasubiri hamu ya kula irudi na uvimbe uanze kushuka. Na vitamini B1 je? Fungua daftari: bila thiamini (ndiyo hiyo B1), piruvati, zao la glikolisisi, haipati njia ya kuingia kwenye mzunguko wa Krebs, inaishia kuwa laktati. Mzunguko huo huo unaokutoa jasho.

Usianze na majina ya vimeng'enya. Chora ini kwenye karatasi, kisha ujiulize: mtu aliyekula daku, saa kumi na moja jioni sukari ya damu yake inatoka wapi? Upande wa pili mchore huyo huyo baada ya futari. Ini ni lile lile, homoni ndizo zilizobadilika. Zifuate kaboni zinakoenda, majina utayabandika baadaye.

Hizo 11 zisikutishe sana. Mimi karatasi hiyo nilianza kuichora wiki moja kabla ya sapu, ya somo hilo hilo.