Chaneli za alumini kwa nyumba iliyo karibu na bahari

Ndugu, umeuliza kama chaneli za alumini za umbo la U, zitakazoshika vioo vya mbele vya nyumba unayojenga Nyali, Mombasa, zichaguliwe kwa unene peke yake, kama fundi wako anavyoshauri. Unene una maana, lakini nisingeanza nao.

Aloi (yaani mchanganyiko wa alumini na metali nyingine) ya namba 6063 inatosha kwa kazi hiyo, kwa kuwa hutoka kwenye kalibu ikiwa na uso laini unaopokea rangi vizuri. Aloi ya 6061 ina nguvu zaidi, ila chini ya mzigo uleule itapinda karibu sawa na mwenzake, kwani uwezo wa alumini kukataa kupinda ni takriban theluthi moja ya ule wa chuma, aloi iwe ghali au rahisi. Asiyetaka chaneli ipinde na aongeze kina cha umbo lake.

Kinachoharibu kazi nyingi za pwani ni chumvi. Dai anodaizi, yaani tabaka gumu la kinga linaloundwa kwa umeme juu ya alumini, yenye unene wa mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ukatae skrubu za chuma cha kawaida: penye unyevu wa chumvi, alumini inayogusana nazo ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe ukizunguka kila tundu. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, zenye washa (vipete vya kukalia kichwa cha skrubu) za plastiki. Mafundi wa plasta nao wafunike chaneli (hili husahaulika mno), maana saruji mbichi huacha madoa yasiyotoka.

Pau ya mita 6 hurefuka takriban milimita 4 joto lipandapo kwa nyuzi 30. Acha nafasi kwenye maungio, na utoboe vitundu vya kutolea maji kabla kioo hakijaingia.