Barua kwa mwanangu aliyeniuliza nilipata wapi muda wa kusoma

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Huku Ngamiani, Tanga, sote wazima, majirani wanakusalimu, na mwembe wa uani mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama.

Umeniuliza hivi: “Mama, ulikuwa unashona tangu alfajiri, watoto wanne, maji ya kuchota kwa ndoo. Muda wa kusoma vitabu vyote vile uliupata wapi? Mimi nina umeme, nina mshahara, nina Jumapili nzima yangu peke yangu, lakini nikishika kitabu kurasa mbili tu nimelala.” Ukaongeza na la pili: kwa nini kila nikisoma lazima pawe na muziki pembeni. Nimeona nisikujibu kwa simu. Kwenye simu ningesema “nilijitahidi tu”, ukakata ukiamini mama yako alikuwa na nguvu ambazo wewe huna. Si kweli.

Sikuwahi kukaa kitako nikasoma saa nzima mpaka nilipopita miaka hamsini. Nilisoma vipande. Pasi ya mkaa haishiki moto upesi, basi hapo nusu ukurasa. Mteja kasema atakuja saa nne, kaja saa sita, hapo kurasa tatu. Wali umeshapaliwa moto juu, unasubiri kukauka, hapo ukurasa mmoja, na mara nyingine ukoko ukazidi. Kitabu kilikaa kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na chaki, nimekivisha jalada la kaki, na alama yangu ilikuwa ukanda wa kitenge niliokata pindoni. Wewe unatafuta Jumapili nzima. Jumapili nzima ni nzito, mwanangu, ukiibeba peke yake lazima ulale.

Lakini hilo la vipande ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni masikio.

Mazoea yangu ya kusoma yalianzia kwenye bagia. Magazeti ya wakati huo yalikuwa na ukurasa wa mashairi, na mama mmoja muuza bagia alifungia bagia zake humohumo. Mafuta yakishaloa, herufi za upande wa pili hupenya zikachanganyika na za upande wa kwanza, basi naishika karatasi juu ya kizingiti, jua likipita, nazitenganisha moja moja. Mara nyingi ubeti ulikuwa umechanika. Nina mishororo mitatu, wa nne umekwenda na bagia za mtu mwingine. Nikawa naumalizia mwenyewe. Nahesabu kwa vidole: mizani nane, pumzi, mizani nane, kisha natafuta kina kitakachokaa pale mwisho. Sikujua kama hiyo ni elimu. Nilijua tu kwamba ubeti usio na mshororo wa mwisho haunipi usingizi. Na usingeweza kuumalizia kwa macho, ulikuwa lazima uuimbe ndipo usikie umepungukiwa nini.

Bibi yako naye alisoma kwa njia hiyo. Mwaka 1970 serikali iliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kilipofika mtaani kwetu alijiandikisha akiwa na wajukuu tayari. Mwalimu alimpa kitabu cha kuanzia, akawa anakwama. Siku moja akatandika kanga zake kitandani, zote, na akaanza kuyafuata majina yake kwa kidole, kwa sababu maneno yale alishayajua kwa moyo. Alilinunua jina la kanga kwa kusomewa dukani, akalivaa miaka, sasa herufi zikawa zinamrudishia kitu chake. Ndani ya mwezi alisoma kanga ya kila mgeni aliyepita mlangoni, kwa sauti, hata pale ambapo adabu ilitaka anyamaze. Lile daftari langu la majina ya kanga, uliloliona kabatini ukadhani ni la mahesabu, nililianza kwa ajili yake.

Sasa muziki. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa dansi. Kwake hakukuwa na bendi juu ya Msondo, ile iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na kila wimbo ukipigwa Radio Tanzania alitaka kimya kama hutuba. Mimi ni wa taarabu, tena taarabu ya hapa kwetu, ya Black Star na Lucky Star, yenye magitaa. Tulibishana kwa hilo miaka ishirini na sita. Lakini tulikubaliana jambo moja: tulikuwa tunasikiliza maneno. Mpiga solo apige apigavyo, sisi tulingoja aliyeachwa aseme nini kwa aliyemwacha. Wimbo wa dansi wa siku zile ulikuwa na mwanzo, kisa, na mtu anayejuta. Kwa hiyo nilipokuwa nasoma na redio inaimba, haikuwa vitu viwili.

Ukitaka kujaribu, nikupe siri ya fundi. Usisome na wimbo mpya, utakunyang’anya akili. Soma na wimbo ambao maneno yake umeyachoka, au bashraf, ile ya vinanda vitupu wanayofungulia shughuli kabla mwimbaji hajaingia. Bashraf haina neno hata moja la kugombana na kitabu. Nami nilikuwa na ala nyingine bado, cherehani yenyewe. Pedali ina mwendo wake. Nilipokuwa napinda pindo refu la gauni, mguu ukishika mwendo, tenzi nilizozihifadhi zilikuja zenyewe na kukaa juu ya ule mwendo, nane kwa nane, kwa sababu utenzi umepimwa kwa pumzi ya mtu anayesema, wala haukupimwa kwa jicho. Utenzi alioutunga Mwana Kupona huko upande wa Lamu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake wasia, una beti zaidi ya mia. Nilikuwa nazo kama arobaini kichwani. Zilinishonea sare nyingi za shule.

Halafu kuna huyu jirani yetu, Shaaban Robert wa Vibambani. Watu wanamsema kama mtu aliyezaliwa ameshika kalamu, hana kazi nyingine. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali, idara hii na ile, mpaka mwaka 1960, na mwaka 1962 akafariki. Hesabu mwenyewe amebakiwa na miaka mingapi ya kukaa bure akiandika. Yote uliyosomeshwa shuleni aliyapata pembeni mwa kazi ya ofisini, kama yako. Nilipolijua hilo nilikuwa na mimba yako, na nakumbuka nililia, sijui ni mimba au ni yeye.

Na ndiye aliyeandika kile kitabu. Unakikumbuka? Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja.

Nadhani hukikumbuki, maana ungekikumbuka usingeniuliza swali lako. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimepokea kazi ya arusi, magauni kumi na mawili ya wasimamizi, siku nane, na kitabu nilikiazima maktaba ya mkoa, lile jengo la ukumbusho wa Mfalme George, nacho kilikuwa na siku nane hizohizo. Mikono yangu haikuwa na nafasi hata ya kufungua jalada. Nikakuita. Nikakuweka juu ya kile kigoda karibu na taa ya chemli, nikakwambia, nisomee.

Ulisoma vibaya siku ya kwanza. Ulikuwa unakimbia, unameza vituo, unataka kwenda kucheza. Mimi nikasimamisha mguu. Kila ulipokosea kituo nilisimamisha mguu, cherehani ikanyamaza, ukawa unasikia mwenyewe kuwa umeniacha njiani. Siku ya tatu nikaona unavuta pumzi mahali penyewe. Tukamfuata Siti kutoka Fumba, mtoto wa wafinyanzi, anatembeza vyungu mjini Unguja, sauti yake inafika mlangoni kabla ya mali. Tukapanda naye chombo mpaka Bombay mwaka 1928, kutia sauti kwenye santuri. Ukaniuliza santuri ni nini. Na nilipokuhadithia yale wasemayo wazee, kwamba walimcheka Siti kuwa katoka shamba na kaniki, ukauliza kaniki ni nini, nikaacha gauni la watu, nikafungua sanduku la bibi yako, nikatoa kaniki yake ya mwisho nikakuwekea mapajani. Ilikuwa nyeusi imepauka kwenye mikunjo, inanuka karafuu na mbao. Uliishika kwa vidole viwili. Kisha ukasoma ukurasa uliofuata polepole, sauti ya chini, kana kwamba Siti yumo chumbani.

Magauni yaliisha. Kitabu tulikirudisha kwa wakati. Na kuanzia hapo, mpaka ulipokwenda sekondari ya bweni, ulinisomea karibu kila jioni baada ya chuo cha Kurani, kurasa tatu, nne. Upelelezi wa Unguja ulinisomea wewe. Riwaya za shamba na kuli na mabwana ulinisomea wewe, nyingine zikiwa na mambo ambayo nilikwambia uruke, nawe hukuruka, nikajifanya sikusikia. Ndiyo maana nashindwa kukujibu kwa simu. Unaniuliza mimi muda niliupata wapi, na muda wenyewe nusu yake ulikuwa wako. Mimi nilikuwa na mikono na masikio, macho yalikuwa yako.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Baba yako alipofariki, miezi saba sikushika kitabu. Nilikuwa nakifungua, maneno nayaona, moja moja nayajua, lakini hayashikani. Kama uzi uliokatika kwenye bobini, sindano inapanda na kushuka, kitambaa kinapita, ukigeuza hakuna mshono. Niliogopa sana. Nilidhani kusoma kumekwenda kaburini naye. Redio nilikuwa nimeizima tangu siku ya msiba na kuifunika kitambaa.

Siku moja, alasiri, nyumba ya pili walikuwa wanapika kwa ajili ya shughuli, wakafungulia muziki. Ukapigwa wimbo mmoja wa Msondo ambao nilikuwa siupendi kabisa. Sikuupenda maisha yangu yote, naye alikuwa akiniudhi nao makusudi, anaongeza sauti nikipita. Nikasimama uani na beseni mkononi. Nikausikiliza ubeti wa kwanza mpaka mwisho, nikagundua nimeelewa. Neno la kwanza limeshikana na la pili, la pili na la tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba sentensi kufika mwisho ndani ya kichwa changu. Nikaweka beseni chini, nikaingia ndani, nikachukua kitabu cha mashairi, nikasoma ubeti mmoja kwa sauti, chumbani, peke yangu. Ubeti mmoja tu. Kesho yake mbili. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini lazima pawe na muziki nikisoma, nasema ndio ulionirudisha, na sasa nauacha mlango wazi.

Wewe unasoma kimya, mwanangu. Umesoma kimya miaka yote ya chuo kikuu, kwa kukimbia, kwa mtihani, na sasa ofisini unasoma taarifa za hesabu kutwa nzima kwa mtindo huohuo. Jioni ukifungua riwaya, macho yanadhani bado yako kazini, yanataka kupumzika, nayo yana haki. Jaribu kutoa sauti. Si lazima iwe kubwa, hata ya kunong’ona. Anza na mashairi, au mazungumzo ya riwaya, uwape watu sauti zao kama ulivyokuwa ukifanya.

Na nina haja yangu pia. Jicho la kushoto limeingia mtoto wa jicho. Daktari amesema atalipasua mwezi ujao, inshallah, usiwe na wasiwasi wala usiombe ruhusa kazini kwa ajili hiyo, dada yako yupo. Herufi za simu nazikuza kwa vidole, za kitabu hazikuzwi. Nimepata nakala ya kile kitabu cha Siti, ya kwangu mwenyewe safari hii, nilimwagiza mtu Dar es Salaam. Nimekivisha kaki, nimekipa basi la Dodoma la kesho asubuhi, kipo kwa kondakta, jina lako limeandikwa juu. Ndani nimeweka ukanda wa kitenge kwenye ukurasa wa kwanza.

Nipigie Alhamisi baada ya Isha. Nitakuwa nimekaa kwenye cherehani, nina pindo la pazia la msikiti la kumaliza, simu nitaiweka juu ya meza uisikie pedali. Ikinyamaza, rudi nyuma mstari mmoja.

Mama yako